Vyeti vya semina nimejaza ukuta, faida siioni. Nimkubali mshauri wa bure?

Anti, shikamoo.

Nina karakana ndogo ya ushonaji. Tuko watatu, mimi na mabinti wawili ninaowalipa kila mwisho wa mwezi. Kazi yetu kubwa ni sare: za wafanya usafi, walinzi, wahudumu wa hospitali. Kazi zipo, mashine hazilali. Lakini mwezi ukiisha, nikishalipa mishahara na pango, sibaki na kitu, na mara nyingi inabidi nikope ili ninunue kitambaa cha oda inayofuata.

Karibu na ninapoishi kuna kituo cha serikali cha kusaidia wafanyabiashara wadogo. Wakitangaza semina huwa siikosi, maana hatulipi. Nimefundishwa kuandika mchanganuo wa biashara, kutunza kumbukumbu, kutangaza biashara mtandaoni, huduma kwa mteja. Tunasaini karatasi ya mahudhurio, tunapiga picha ya pamoja, tunapewa vyeti. Nikirudi karakana, mambo ni yale yale.

Sasa kituo kimeniambia naweza kupangiwa mshauri, aje mpaka karakana, bila malipo, ila atataka kuona daftari la mauzo na risiti zangu. Mume wangu amekataa katakata. Anasema serikali haitoi cha bure, huyo mtu anakuja kupiga hesabu ya kodi. Halafu kuna kijana pale kituoni alinifuata kwenye korido akaniambia nikimpa chochote, jina langu litapanda juu kwenye orodha ya wanaosubiri mshauri. Na dada yangu ananihimiza nimlipe mtaalamu aniandikie mchanganuo mzuri niupeleke benki nipate mkopo mkubwa.

Hesabu zangu ni hizi, nazificha nini. Bei ya sare moja tuiite 100. Kitambaa 55. Uzi, vifungo na zipu 8. Mishahara ya mabinti 20. Pango na umeme 7. Taasisi ninazoshonea hulipa baada ya miezi mitatu, na kitambaa nakinunua kwa mkopo wa riba ya 4 kwa kila 100 kwa mwezi.

Nimkubali huyo mshauri, au nitafute semina nyingine iliyo bora? Kusema kweli, Anti, semina zimenichosha.

Mshona Sare

*

Marahaba, mwanangu. Nashukuru umeandika hesabu zako, kwa sababu jibu la nusu ya barua yako limo humo humo.

Tuzipige pamoja. Jumla ya gharama ulizotaja ni 90, kwa hiyo kwenye sare ya 100 unaona faida ya 10. Lakini kitambaa cha 55 umekikopa, na riba ya 4 kwa kila 100 kwa miezi mitatu inakula 6.6. Imebaki 3.4. Na ndani ya hiyo 3.4 hujaweka sindano zinazovunjika, kitambaa kinachokatwa vibaya, nauli ya kupeleka mzigo, wala jasho lako mwenyewe. Mabinti unawalipa, wewe hujilipi. Ndiyo maana mashine hazilali na mkono ni mtupu: kwa miezi mitatu unamkopesha mteja wako, ukitumia fedha ambazo na wewe umezikopa.

Hakuna semina ya kutangaza biashara mtandaoni itakayoziba tundu hilo. Wateja zaidi wa aina hiyo wangekuongezea mkopo tu.

Kwa hiyo ndiyo, mkubali mshauri. Semina ziache kwanza. Nitakueleza sababu, kwa kuwa naona hakuna aliyewahi kukueleza huduma hizi zinaendeshwaje.

Serikali nyingi hulipia ushauri wa biashara ndogo kwa sababu moja ya msingi: kampuni kubwa ina mhasibu wake, mwanasheria wake na mtu wa masoko, wakati mwenye karakana ya watu watatu hawezi kumlipa hata mmoja wao kwa siku moja. Marekani ina wakala wake wa biashara ndogo, SBA, tangu 1953, na tangu 1964 wataalamu waliostaafu wanajitolea kuwashauri wenye biashara bure kupitia SCORE. Tanzania ilianzisha SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mwaka 1973. Kenya ilitunga sheria ya biashara ndogo mwaka 2012. Ulipo hukutaja, na si lazima nijue, maana karibu kila mahali utakuta huduma hizi zina sura mbili. Ya kwanza ni mafunzo ya darasani kwa kundi. Ya pili ni mshauri anayekaa na mtu mmoja juu ya biashara yake.

Darasa moja linajaza watu hamsini kwa siku. Mshauri akikaa nawe siku nzima, kwenye ripoti anaandika mtu mmoja. Na vituo vingi hupimwa kwa idadi ya watu waliohudumiwa, kwa hiyo semina zitatangazwa kila mara na karatasi ya mahudhurio itazungushwa kila mara. Siwalaumu maofisa, ndivyo wanavyotakiwa kuripoti. Lakini wewe ujue kwamba kitu adimu pale kituoni ni saa za mshauri. Cheti kitakusaidia siku taasisi au benki ikikitaka, basi. Umepewa saa za mshauri, halafu unafikiria kuziacha urudi darasani! Hapana, mwanangu.

Wala sisemi mafunzo hayana maana. Watafiti wamelifuatilia jambo hili kwa makini. Jijini Lomé, Togo, wenye biashara ndogo 1,500 waligawanywa makundi matatu: kundi moja halikupewa mafunzo, la pili lilifundishwa masomo ya kawaida ya biashara kama uliyosoma wewe, la tatu lilifundishwa namna ya kufikiri na kujituma, yaani kutafuta fursa kabla hujasukumwa, kujiwekea lengo, kujiandaa kwa vikwazo na kuvikabili bila kukata tamaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kundi la tatu lilipata ongezeko la faida la asilimia 30. Kundi la masomo ya kawaida lilionyesha kama asilimia 11, kiwango ambacho watafiti hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba kilitokana na mafunzo. Na katika Jamhuri ya Dominika, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba waliofundishwa kanuni chache nyepesi za fedha waliboresha mahesabu yao, wakati waliofundishwa uhasibu wa kitabuni hawakuonyesha tofauti ya maana. Mojawapo ya kanuni hizo ni ya kutenganisha fedha za biashara na za nyumbani, na kujipangia kiasi maalumu unachojilipa.

Hiyo ya kujilipa ianze mwezi huu. Usisubiri mshauri. Panga kiasi, hata kiwe kidogo, kiandike kama gharama katika kila sare. Bei yako ikishindwa kukilipa, umeshapata habari ya kweli kuhusu bei hiyo.

Sasa mume wako. Hofu yake si ya kupuuzwa, na usimwambie kwamba hajui kitu. Anaona mtu wa serikali anaingia karakana na kufungua daftari, nani asingeuliza? Jibu ni kumuuliza mshauri mwenyewe kabla daftari halijafunguliwa, na mume wako awepo. Omba kikao cha kwanza kiwe cha mazungumzo tu, kituoni au karakana, bila risiti wala daftari. Muulizeni: taarifa zetu zitahifadhiwa wapi? Nani atazisoma? Je, jina letu linapelekwa ofisi nyingine yoyote bila idhini yetu? Kuna karatasi ya usiri tunayosaini sote wawili? Mshauri mzuri haudhiki na maswali haya. Kule Marekani, kwa mfano, sheria inavikataza vituo vya ushauri vinavyofadhiliwa na SBA kutoa jina, anwani au simu ya mteja bila ridhaa yake, isipokuwa katika hali chache kama amri ya mahakama. Huko kwenu utaratibu unaweza kuwa tofauti, ndiyo maana muupate kwa maandishi. Akijibu kwa kukwepakwepa, funga daftari lako na uombe mshauri mwingine.

Lakini kuna jambo nakusihi sana. Usiandae daftari la pili la kumwonyesha. Wapo wanaofanya hivyo, wanapunguza mauzo kwa hofu ya kodi, halafu wanaomba ushauri juu ya hesabu za uongo. Ushauri atakaokupa utakuwa wa biashara ambayo haipo. Kama kweli una deni la kodi linalokunyima usingizi, hilo ni jambo la kupanga moja kwa moja na mamlaka ya kodi. Mamlaka nyingi zina dawati la elimu kwa walipa kodi na utaratibu wa kulipa deni kidogo kidogo. Mshauri wa biashara anaweza kukuonyesha mlango, lakini si kazi yake kukufichia wala kukushtaki.

Kuhusu kijana wa korido, jibu langu ni fupi: usimpe. Huduma hiyo imeshalipiwa na walipa kodi, wewe ukiwemo. Nenda dirishani, uliza mbele ya watu utaratibu wa kupangiwa mshauri ukoje na orodha inatunzwa na nani, na ukipata nafasi mwandikie msimamizi wa kituo. Ila usichanganye mambo: programu nyingine hutoza ada ya kuchangia, na hiyo ni halali. Utaitambua kwa kuwa imetangazwa wazi, ni sawa kwa kila mtu, na unapewa risiti yenye jina la taasisi. Chochote cha korido hakina risiti.

Turudi kwa mshauri, maana hapo ndipo watu wengi hupoteza nafasi. Wanamkaribisha, wanamweleza historia ya maisha, wanasema nataka biashara yangu ikue. Na yeye anarudisha maneno mapana kama aliyoyapokea: ongeza ubora, tafuta masoko, tunza kumbukumbu. Muda umekwisha. Wewe nenda na swali moja lililonyooka. Lako ni hili: nifanyeje ili nisiendelee kugharamia miezi mitatu ya mteja wangu?

Ili swali hilo lijibike, chukua oda tatu za mwisho zilizokwisha kulipwa. Kwa kila moja andika tarehe uliyopokea LPO, yaani hati ya mteja ya kuagiza mzigo, tarehe uliyonunua kitambaa, tarehe uliyopeleka mzigo, tarehe ankara yako ilipopokelewa kule na tarehe fedha ilipoingia. Karatasi moja inatosha. Itazame sana ile nafasi kati ya kupeleka mzigo na kupokelewa ankara. Taasisi nyingi huanza kuhesabu siku za malipo pale ankara sahihi inapofika kwa mhasibu, ikiwa na namba ya LPO na hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa na mtu wa stoo. Ankara ikikosa namba inawekwa pembeni, na hakuna anayekupigia simu. Inawezekana sehemu ya miezi yako mitatu inaisha kwenye trei ya karatasi juu ya meza ya mtu. Ukigundua hivyo, umepata nafuu ambayo haigharimu chochote: peleka ankara siku ile ile ya mzigo, ipigwe mhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala.

Sehemu ya pili ni mazungumzo na mteja, na hapa mshauri atakufaa kweli, kwa sababu ameona wengine wakizungumza na taasisi. Chukulia umepata kianzio, yaani malipo ya awali kabla ya kazi, cha asilimia 40 ya bei. Kitambaa cha 55 sasa unakopa 15 tu, riba ya miezi mitatu inashuka kutoka 6.6 hadi 1.8, na kilichokuwa kinabaki 3.4 kinakuwa 8.2. Bei haijapanda hata kidogo. Taasisi ya umma inaweza kukwambia kanuni zao haziruhusu kianzio bila dhamana. Basi muulize mshauri dhamana ya namna hiyo hutolewaje, au kama mzigo unaweza kupelekwa na kulipwa kwa awamu. Mteja binafsi mpe bei mbili kwenye makadirio: akilipa siku ya kupokea ni 100, akilipa baada ya miezi mitatu ni 107. Hiyo 7 si uroho. Ni riba ambayo hadi leo umekuwa ukimlipia.

Muulize pia kama nchi yenu ina sheria ya muda wa malipo. Umoja wa Ulaya ulipitisha maagizo mwaka 2011 yanayozitaka taasisi za umma, kwa kawaida, kulipa ndani ya siku 30, na anayechelewa anadaiwa riba. Si kila nchi ina kinga kama hiyo, na hata iliyonayo, mshonaji mdogo anaogopa kumdai mteja anayemtegemea. Lakini kuijua haki yako kunakupa sentensi ya kuandika kwenye ankara, na mshauri wa umma anatakiwa kuijua au kujua pa kuiuliza.

Mpime na yeye. Muulize amewahi kufanya kazi na washonaji au viwanda vidogo vya namna yako? Amepangiwa saa ngapi na wewe? Mwisho wa saa hizo mtakuwa mmepata nini mkononi? Kila mkimaliza kikao, andikeni mistari michache: wewe utafanya nini kabla hajarudi, na yeye atafanya nini. Kama amekuja kujaza fomu na kupiga picha karakana, mwambie kwa adabu kwamba fomu mtajaza, lakini kwanza swali lako. Na kumbuka yeye ni mshauri. Si mwanasheria wako, si mkaguzi wa hesabu, na mwenye kuamua ni wewe, kwa sababu deni likija linaandikwa jina lako.

Siku nyingine ukitangaziwa semina, uliza mambo mawili kabla hujafunga karakana: nani anafundisha, na je, baada ya darasa kuna mtu atakayekuja kuona unavyotumia ulichofundishwa? Wewe kwa sasa ungefaidika na somo la kukokotoa gharama na kupanga bei, au la zabuni za umma. Huduma kwa mteja umeshasoma, na wateja wako hawalalamiki.

Limebaki la dada yako. Mtaalamu wa kuandika mchanganuo usimlipe kwa sasa. Mchanganuo ulioandikwa na mgeni utapendeza, lakini afisa wa mikopo atakuuliza swali la tatu au la nne na wewe hutajua namba hiyo imetoka wapi. Na mkopo mkubwa juu ya hesabu za 3.4 utakuongezea riba kabla haujakuongezea faida. Zirekebishe kwanza tarehe za malipo na kianzio. Baada ya hapo, kama bado unahitaji fedha, mwulize mshauri kuhusu mkopo wa muda mfupi unaotolewa kwa dhamana ya LPO au ankara, unaolipwa fedha ya mteja ikiingia, na umwombe mkae wote wawili muandike mchanganuo kwa namba zako mwenyewe. Hiyo nayo ni huduma ambayo vituo vingi vya umma hutoa, na pengine ndicho kitu ambacho dada yako anataka ulipie.